Guu Gani, Afande?

Afande,

Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya dada yako hapa Budondo, nje kidogo ya Jinja. Kaburi lako naliona vizuri, pale kati ya migomba na ile mihogo uliyosema utaing'oa mwenyewe. Haijang'olewa. Dada yako anasema itakaa hapo mpaka iwe miti, maana hakuna anayethubutu kugusa kitu ulichosema utakigusa wewe. Tumecheka naye. Halafu tukageuka wote wawili kutazama upande wako, kama watu wanaosubiri mtu wa tatu aingilie mazungumzo.

Nina habari kubwa ya kukupa na nimeshindwa kuanza nayo. Unanijua. Wewe ulitaka jambo lote kwa sentensi moja, mimi napitia mlango wa nyuma. Leo huwezi kunikatiza, kwa hiyo nitapita nitakako.

Gereji ipo. Barabara ya Nakaloke ina vumbi lake lilelile, na jirani yetu wa vipuri bado anafungulia redio kana kwamba ameajiriwa kuisikilizisha Mbale nzima. Ovaroli yako iko kwenye msumari wake. Niliifua, madoa hayakutoka, na kusema kweli nilifurahi kwamba hayakutoka. Kilichobadilika ni wateja. Baada ya wewe kuondoka, madereva wa njia ya Kenya walikuwa wakifika kwetu wanapunguza mwendo, wanachungulia, wananiona mimi Nekesa peke yangu na spana mkononi, wanapiga honi ya pole na kwenda zao. Honi za pole nimepata nyingi sana. Kazi nilizopata ni za kubadilisha oili na kuziba pancha. Nikaanza kufikiri kwamba waliyekuwa wakimletea magari ni wewe, si gereji, na kwamba nikifunga mlango na kurudi kwa mama yangu Malaba hakuna atakayeona tofauti.

Na ni kweli, walikuja kukuona wewe. Nani hakukujua? Mwanamke wa Lango, mrefu, mstaafu wa jeshi, uliyemalizia ujana wako chini ya malori ya serikali kule Jinja, kisha ukavua magwanda na kuja Mbale kufungua gereji mahali ambapo kila mtu alikuambia hutapata hata baiskeli ya kutengeneza. Hukuwa mnyenyekevu, Afande, tusidanganyane kwa sababu umekufa. Mtu akikusifu ulimsaidia kuongeza. "Mimi najua," ulikuwa unasema. "Kama sijui nitasema sijui, lakini hii najua." Na siku ambayo hukujua ulisema hujui, kwa sauti ileile, bila aibu, ukajifuta mikono ukaenda kuuliza. Sijapata kuona mtu mwingine anayejivuna hivyo na bado anauliza.

Na Kiswahili chako! Kiswahili cha kambini, kilichonyolewa upara, kisichojali ngeli yoyote. Mimi niliyekulia mpakani na kusoma shule ya upande wa Kenya nilijitia kukusahihisha siku za mwanzo. Nikasema, gari hili, Afande, si hii gari. Ukaniangalia kutoka chini ya lori, uso mzima umejaa grisi. "Hii gari inataka pona ama inataka soma?" Nikaacha.

Lakini nakumbuka siku ile ya Wanale, mlimani juu ya Mbale. Tulikuwa tumeitwa kutazama lori lililokwama, tukapotea njia. Mzee mmoja alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, ukamwita kama ulivyozoea kuita watu: "Wewe, mzee, kuja hapa." Ulitaka kumwuliza njia tu. Yule mzee akasimama wima, akashusha mzigo, akaanza kupapasa mifuko akitafuta kitambulisho. Kiswahili cha namna hiyo alikuwa amekisikia zamani, miaka ya utawala wa wanajeshi, na hakukisikia kwa wema. Uso wako ulibadilika nikauona. Ulimwinulia mzigo, ukaubeba mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Tangu siku hiyo kila mtu wa Mbale ulimwanzia na "mulembe," salamu yao ya amani, kwa lafudhi mbaya ajabu. Kwanza mulembe, amri zako baadaye. Nilikupenda kuanzia siku hiyo, na sikukuambia kwa sababu hukuwa mtu wa kuambiwa mambo kama hayo.

Sasa nikaribie habari yenyewe.

Unazikumbuka pedali zetu? Utazisahau vipi, ulizichora wewe. Pedali tatu kwenye sakafu, mbele ya benchi la wateja, kwa rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Wapita njia walidhani ni mchezo wa watoto. Dereva akija na malalamiko ya gia, hukufungua boneti. Ulimkalisha kwenye benchi, ukamwambia avue viatu, aweke miguu kwenye rangi, aendeshe. Watu wazima, madereva wa trela waliovuka mipaka yote, wamekaa pekupeku wanabadilisha gia za hewani, na wewe umechuchumaa mbele yao unatazama vidole vyao vya miguu. Rangi ya klachi ilifutika kabla ya zile nyingine. Ukasema madereva wa siku hizi wanaunguza hata picha.

Nilikuuliza wakati fulani kwa nini usiwaulize tu kwa maneno. Jibu lako nimelibeba mpaka leo. "Mdomo ya dereva inaogopa bosi," ulisema. "Guu haiogopi."

Halafu lile swali lako, ulilolirudia mpaka likanichosha. Guu iko mbili, bwana, guu gani? Mtu akilalamika kwamba injini inapanda, inapiga resi yenyewe anapobadilisha gia, wewe hukujali kelele ni kubwa kiasi gani. Ulitaka kujua kila mguu ulikuwa wapi. Kama resi inapanda baada ya klachi kuachiwa, gia imeshaingia, injini inalia na lori haliongezi mwendo, basi klachi inateleza na giaboksi lazima ishuke. Lakini kama resi inapanda wakati klachi imekanyagwa, klachi haina kesi. Wakati huo injini imetengwa na magurudumu, mguu wa mafuta umeinuliwa, injini ilipaswa kushuka. Ikipanda, kuna mtu anaipa mafuta. Ulikuwa unasema hivyo kama askari aliyepewa zamu: tafuta huyo mtu.

Nilidhani nimelielewa swali lako. Nililielewa wiki iliyopita.

Lori liliingia asubuhi, limebeba sukari, la pua ndefu, la zamani, la aina uliyoipenda kwa sababu mtu anaweza kuifikia injini bila kubinua kichwa cha gari. Dereva wake ni Barasa, humjui, mtu wa Bungoma, wa makamo, mpole, anaongea akitazama chini. Nyuma yake ikaja gari ndogo. Akashuka Haji, mwenye lori, mfanyabiashara wa Jinja, na kwenye kiti cha nyuma amebaki mwanamume mwingine amepakata begi. Nilimsalimia nikamkaribisha ashuke, akasema atangoja hapo hapo. Baadaye kidogo nikaelewa. Yule alikuwa dereva mpya. Ameletwa na begi lake kuchukua lori kutoka kwa Barasa, na kilichobaki ni fundi kutamka neno.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Lori lilianza kupiga resi Barasa akibadilisha gia. Akalipeleka gereji moja Jinja, akawaeleza. Wakasikia, wakashusha giaboksi, wakaweka klachi mpya. Safari ya kwanza, resi iko palepale. Akarudi. Wakamwambia Haji kwamba klachi mpya nayo imeshaungua, na klachi mpya haiungui hivyo isipokuwa dereva anaipumzishia mguu njia nzima. Haji akakasirika, na mimi simlaumu, ningekasirika pia. Akalifuata lori mpaka Mbale ili asikie kwa fundi mwingine, asionekane amemwonea mtu.

Alinieleza msimamo wake hapo hapo mlangoni, kwa ile sauti ya Wasoga wanaotaka jambo liishe. "Krachi ikiwa imeungua tena, Barasa ananipa ufunguo hapa hapa. Wewe fungua, fundi. Mimi naangaria."

Barasa hakubisha. Nilimwona ameshautoa ufunguo wa lori kwenye pete ya funguo za nyumbani kwake, ameushika peke yake kiganjani. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu alikuwa ameshaanza kujifukuza mwenyewe.

Nikamwuliza inafanyaje. Akasema maneno yaleyale aliyoyasema Jinja, najua ni yaleyale kwa sababu Haji alikuwa akiyatamka pamoja naye kama wimbo wa shule. "Nikiachia tu, madam, inapanda."

Nikiachia tu, inapanda. Afande, masikio yangu yalisikia kile walichosikia Jinja. Anaachia klachi, injini inapanda. Klachi inateleza, mchana kweupe. Nilikwenda kuvuta jeki, nikiwa nimeshaanza kumwonea Barasa huruma, na nikiwa namwaza yule wa begi, kama angekubali chai.

Jeki ilikuwa chini ya benchi. Nilipoinama kuivuta niliona nimesimama juu ya pedali ya mafuta, ile nyekundu, nusu yake imefutika. Nikasimama hapo. Sitakudanganya kwamba nilisikia sauti yako, wewe hukupenda hadithi za mizimu na mimi sizipendi. Nilikumbuka tu. Anaachia nini? Hakusema anaachia klachi. Mtu huachia mafuta pia. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

Nikamwambia Barasa akae kwenye benchi na avue viatu.

Haji akaniuliza kama tunaingia msikitini. Hata yule wa begi alicheka kule garini. Barasa akaona haya, soksi yake moja ilikuwa na tundu, lakini alivua, akaweka miguu kwenye rangi yako. Nikachuchumaa mbele yake kama ulivyochuchumaa. Nikamwambia: unapanda mlima, umebeba, uko gia ya tatu, lori linachoka, unataka ya pili. Endesha. Na ukifika pale inapopanda, sema.

Akafumba macho, masikini. Mguu wa kulia ukainuka kutoka kwenye mafuta. Wa kushoto ukashuka kwenye klachi, ukafika mwisho, kisigino kimegusa saruji. "Hapa," akasema.

Hapa. Mguu wa kushoto uko chini. Wa kulia uko hewani.

Nikamwuliza mara nyingine, kwa sababu sikutaka kukosea mbele ya Haji: ukisema unaachia, unaachia nini? Akaniangalia kama nimemwuliza jina la baba yake. Akasema, "Mafuta, madam. Naachia mafuta." Kwake lilikuwa jambo la wazi tangu mwanzo. Neno moja lisilo na mguu, limeshusha giaboksi nzima Jinja, limemleta mtu na begi mpaka Mbale.

Nilimwambia Haji kwamba klachi yake ni nzima. Hakuniamini, na nisingetaka aniamini kwa sababu ya miguu ya mtu kwenye rangi. Akasema basi nimwonyeshe anayetoa mafuta. Hapo ndipo niliposhikwa. Nilitazama springi ya kurudisha pedali, inarudi vizuri. Nikainua zulia la sakafuni, halikugusa kitu. Nikaivuta kebo ya mafuta kwa mkono, laini kama mpya. Barasa akakanyaga klachi, akaachia, akakanyaga, injini imetulia, inanguruma kwa adabu zake. Lori lilikuwa limesimama palepale likinitazama, halina ugonjwa wowote. Haji alitoa simu akaanza kutazama saa.

Ungefanya nini? Najua ungefanya nini. Ulikuwa unakasirika mtu akipima gari tupu limesimama kivulini, ilhali kulia linalilia mlimani na mzigo. Nikamwambia Barasa awashe, twende na sukari yake vilevile, tupande upande wa Wanale. Haji akasema na yeye anapanda. Tukakaa watatu mbele, Haji katikati na kanzu yake ameikusanya magotini.

Njia ya tambarare hakuna kitu. Gia zinaingia, resi inashuka, Haji anavuta pumzi za mtu anayepotezewa asubuhi. Tulipoanza kupanda, lori likazama kwenye mzigo wake. Gia ya tatu ikachoka. Nikamwambia Haji asitazame barabara, atazame mguu wa kulia wa Barasa. Barasa akauinua mguu, akakanyaga klachi, na injini ikapanda. Ikalia, Afande, mlio wa kukufanya utafute mlango. Na kiatu cha Barasa kilikuwa hewani, kimeinuliwa juu kabisa, na Haji amekikodolea macho kana kwamba kitaongea.

Haji alisema neno moja tu. "Hajakanyaga."

Hapo kazi ya Barasa ilikuwa imepona, nadhani, lakini lori bado. Tulisimama palepale kwenye mteremko, tukatia mawe makubwa nyuma ya magurudumu, nikafungua boneti. Nikakumbuka amri yako ya kusimama kando, kamwe si mbele, hata kama mawe ni makubwa kama nyumba. Nikamwambia Barasa atie gia, avute breki ya mkono, aachie klachi kidogo, na nilitamka klachi yote kwa herufi zake ili neno lisipotee tena. Injini ikakaza. Ikainuka upande mmoja, kama mtu mnene anayetaka kuamka kitini. Haikupaswa kuinuka. Raba iliyokalia upande ule ilikuwa imechanika kabisa, chini kwa chini, mahali ambapo huwezi kuona lori likiwa limepumzika, kwa sababu uzito wa injini wenyewe unaufunga ule mpasuko.

Na injini ilipoinuka iliibeba kebo ya mafuta, na kebo ikajipenyeza chini ya kichwa cha bolti moja iliyotokeza. Barasa akakanyaga klachi. Injini ikakaa chini kwa kishindo. Kebo haikushuka nayo, imenaswa, imevutika. Ikauvuta mkono wa pampu ya dizeli mbele ya macho yangu. Resi ikapanda. Lori likatikisika kidogo, kebo ikachomoka yenyewe, kila kitu kikarudi mahali pake kama mwizi aliyekaa kanisani. Ganda la kebo lilikuwa limesuguka pale mpaka waya unang'aa.

Nilimpata huyo mtu, Afande. Nilimpata mkono wake ukiwa bado mfukoni.

Nilimwita Haji aone. Barasa akarudia, Haji akaona, akaomba irudiwe, akaona tena. Alicheka kwa ile furaha ya mtu ambaye anaelewa kitu cha chuma kwa mara ya kwanza. Tulirudi taratibu, tukaweka raba mpya na kebo mpya, nikaipitisha mbali na bolti ile na kuifunga kibanio. Tukapanda tena Wanale. Pale pale lori lilipochoka, Barasa akainua mguu, akakanyaga, na injini ikashuka. Ilishuka tu, kama inavyopaswa. Nimeisikia injini ikishuka maelfu ya mara na sikuwahi kulia kwa ajili yake. Haji alitazama dirisha la upande mwingine ili nisione kwamba ameniona.

Gereji tulimkuta yule wa begi ameshashuka, anakunywa chai ya jirani na kutazama pedali zako. Haji alimweleza kisa chote. Nilimhurumia, naye alikuja kutafuta riziki. Lakini alicheka, akasema heri hivyo, maana na yeye angefukuzwa na lori hilo hilo ndani ya mwezi. Kisha akauliza kama anaweza kujaribu benchi. Akavua viatu.

Na Barasa alichukua ile pete ya funguo zake, akaurudisha ufunguo wa lori mahali pake. Alishindwa kuifungua pete mwanzoni, kucha zake fupi. Nilimfungulia mimi.

Nilikuwa sithubutu kuikumbuka siku ile ya hospitali, Afande. Sasa naweza. Mguu wako umevimba kwa ule ugonjwa wa sukari uliokuwa ukiudharau, umelala kitandani kule Jinja, uso mkavu, na muuguzi akaja na faili yake akakuuliza kwa upole: mguu gani, mama? Ulicheka mpaka wagonjwa wa upande wa pili wakainua vichwa. Ukanigeukia, ukamwelekezea kidole yule muuguzi. "Huyu ndiye fundi," ukaniambia. "Huyu anauliza." Nilidhani ulikuwa unatania ili nisilie. Ulikuwa unatania, lakini ulikuwa unasifu pia, kwa moyo wako wote, mtu usiyemjua, kwa sababu alianza kazi yake mahali panapofaa.

Ndivyo ulivyokuwa. Watu wanasema ulikuwa mkali, na ulikuwa mkali, dada yako ananikumbusha hapa sasa hivi. Lakini ukali wako hukuupeleka kwa dereva kabla ya kuona mguu wake. Katika gereji zote nilizozijua, gari likiugua mtu wa kwanza kushtakiwa ni anayeliendesha, kwa sababu yuko karibu na hana wa kumtetea. Kwako alikalishwa benchi, akasikilizwa miguu. Nilidhani unanifundisha injini. Injini ningejifunza kokote.

Leo Barasa alikuwa anarudi Jinja na lori tupu, akasema atanileta mpaka kwako. Nilimsimulia habari zako kuanzia Mbale mpaka tulipoiacha barabara kuu kuja Budondo, na yeye aliendesha akibadilisha gia kama mtu anayekunja shuka. Tulipofika nilimwonyesha pale ulipo. Hakuwahi kukuona hata siku moja. Alisimama ukingoni mwa saruji ya kaburi, akainama, akafungua kamba, akavua viatu vyote viwili akavipanga kando, akabaki na soksi yake yenye tundu kwenye udongo wako. Sikumwambia avue. Dada yako akaniuliza kwa kunong'ona kama mgeni huyu ni Mwislamu. Nikamwambia hapana, ni dereva.

Kwa hiyo Malaba siendi, Afande. Nitarudi Nakaloke na kopo la rangi nyekundu, nipake upya pedali zako, klachi kwanza kwa sababu imeisha, na nitazipaka kila zitakapofutika. Hakuna atakayefukuzwa kazi kwenye benchi lile kabla sijaiona miguu yake. Na mihogo yako nimeshamwomba dada yako jembe. Nitaing'oa leo kabla lori halijaondoka, kasirika ukitaka.

Mulembe, Afande. Kwa lafudhi yako mbaya, siwezi kuisema vizuri tena. Pumzisha miguu sasa.

Yote miwili.

Nekesa